Walther PP ya Baba Mdogo: Shajara ya Kuirudisha Kazini, Tabora

Bastola inayohusika ni Walther PP ya kaliba 7.65, iliyotengenezwa Ufaransa na kiwanda cha Manurhin kwa leseni ya Walther ya Ujerumani. Baba mdogo alikuwa nayo tangu enzi akizunguka Sikonge na Urambo kununua asali na nta. Baada ya msiba ilikabidhiwa polisi, ikakaa ghalani huku maombi yangu ya kumilikishwa yakipanda ngazi kuanzia serikali ya mtaa. Leseni imetoka kwa jina langu, nami nimeichukua.

Naandika kwa ajili ya wenzangu wa Tabora na Kigoma waliorithi bastola ndogo za zamani na kila siku wanaambiwa "hiyo chuma chakavu, uza ununue mpya". Mimi sikubaliani na ushauri huo. Nyingi ya bastola hizi zinahukumiwa kwa makosa ya springi, magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia mpinini) na risasi zake, wakati chuma chenyewe bado kizima. Nitaandika kila hatua ikikamilika, pamoja na gharama.

Jambo moja la kuelewana mapema. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha haitengenezwi na kila mwenye bisibisi. Mwenye bastola anasafisha, anapaka mafuta, anafungua ile hatua ya kwanza ya usafi. Kinachozidi hapo kimefanywa na fundi silaha mwenye leseni, na humu nitasema wazi kipi ni cha nani.

10 Juni 2023: Hali yake ilipotoka ghalani

Kwanza usalama: magazini nje, slaidi nyuma, jicho kwenye chemba, kidole kwenye chemba, kisha tena. Chemba ni pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa. Slaidi ni kile chuma cha juu kinachorudi nyuma unapokoki. Bastola ilikuwa tupu.

Kwa macho tu: upande wa kulia una kutu ya madoa, umbo lake lilelile la mkoba wa ngozi ulioilalia. Upande wa kushoto karibu hauna kitu, maandishi ya Manurhin yanasomeka hadi herufi ya mwisho. Vibao vya plastiki vya mpini vina ufa mmoja karibu na skrubu. Ndani ya mtutu mistari ipo na ni mikali, kuna vumbi na rangi ya kahawia ambayo niliihofia, lakini ilitoka kwa kitambaa cha kwanza. Magazini ni mbili: moja ina alama ya kiwanda, nyingine haina alama yoyote. Nimezibandika tepu na kuziandika A na B. Fanyeni hivyo siku ya kwanza kabisa, kabla hamjafyatua hata risasi moja. Baadaye mtaona kwa nini.

Vipimo kwa wanaoulizia ukubwa: urefu wake milimita 170, mtutu milimita 98, uzito gramu 680 hivi ikiwa tupu, magazini inabeba risasi 8. Ndugu yake mdogo, PPK, ina mtutu wa milimita 83 na inabeba 7 kwa kaliba hiyohiyo. Wengi wakiiona PP wanaiita PPK. Angalia mpini: wa PP ni mrefu, vidole vitatu vinakaa.

Walther waliitoa PP mwaka 1929 kule Zella-Mehlis, Ujerumani. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia mji huo ukaangukia upande wa Wasovieti, na kuanzia 1952 Manurhin wa Alsace ndio wakawa wanaitengeneza. Kwa hiyo anayekwambia ya Mfaransa ni ya kuiga, mweleze kwamba ilitengenezwa kwa idhini na michoro ya wenyewe.

24 Juni 2023: Kutu, mafuta, na vumbi la Tabora

Kutu imeondolewa kwa mafuta mepesi ya silaha na kitambaa cha pamba, ikilowekwa usiku kucha na kufutwa asubuhi, kurudia hadi kitambaa kitoke cheupe. Madoa yamebaki kama vivuli, chuma hakina mashimo makubwa. Kijana mmoja wa karakana ya pikipiki alijitolea kuisugua kwa msasa na kuipulizia rangi nyeusi. Msasa unakula alama na namba, na namba ya bastola ndiyo iliyoandikwa kwenye leseni. Namba ikififia, unabeba silaha usiyoweza kuieleza mbele ya askari. Kutu iliyokufa haimdhuru mtu, iacheni.

Kilichoshindikana ni grisi. Nilishauriwa na mtu ninayemheshimu, aliyefanya kazi kwenye magari miaka mingi, kwamba chuma kinachosuguana kinataka kitu kizito. Njia za slaidi zikapakwa grisi. Ndani ya wiki mbili, bila kufyatuliwa, bastola ikiwa inatoka tu asubuhi na kurudi jioni, grisi ilikuwa uji wa kijivu. Kiangazi cha hapa vumbi liko hewani hata ndani ya kabati. Ukivuta slaidi unasikia mchanga. Yote imefutwa, zikawekwa tone moja moja la mafuta mepesi: kila upande wa njia za slaidi, na kuuzunguka mtutu palipo na springi. Tone moja linatosha. Kwenye chemba na kwenye risasi usiweke hata kidogo.

Mafuta ya cherehani yanafaa kwa dharura, ila yanakauka haraka, na kwa joto la Oktoba hayafiki siku ya tatu. Mafuta ya taa yanasafisha vizuri lakini yanaacha chuma kikavu, kwa hiyo ukisafishia hayo upake mafuta siku hiyohiyo.

Gharama: mafuta, burashi ya mtutu, fimbo na vitambaa, Sh 85,000.

22 Julai 2023: Uwanjani mara ya kwanza

Uwanja wa shabaha, kwa ruhusa, chini ya msimamizi. Kabla ya hapo risasi za baba mdogo zilirudishwa polisi zote. Zilikuwa na ukungu wa kijani na baadhi zilikuwa na vikombe vilivyozama, vile vidogo vya kitakoni vinavyowasha baruti. Mama mdogo aliumia kuona zinaachwa, nikamweleza, akaelewa. Risasi ya namna hiyo inaweza kutoka nusu na kuacha kipande kwenye mtutu, na inayofuata ikaupasua.

Kwa muuzaji zilikuwepo mpya za aina moja tu, zile zenye tundu kwenye ncha. Tukaenda nazo.

Risasi ya kwanza ya kila magazini ilitoka vizuri. Zilizofuata zikaleta mambo mawili. La kwanza: ganda tupu linasimama wima kwenye mdomo wa kutolea maganda, slaidi imelibana. La pili ni baya zaidi: risasi mpya inainamisha pua chini, inajikita kwenye ukuta wa mbele wa magazini, na slaidi inasimama nusu njia. Kuipiga slaidi kwa kiganja hakukusaidia kitu. Ilibidi magazini itolewe kwa nguvu na risasi zichomolewe moja moja.

Hili la pili lina sababu iliyo ndani ya risasi yenyewe. Risasi ya 7.65 ni kazi ya John Browning, ilianza na bastola ya FN, kiwanda cha Herstal, Ubelgiji, mwanzoni mwa karne iliyopita, na ukingo wa kitako chake umetokeza kidogo nje ya mwili wa ganda. Kwenye magazini, ukingo wa risasi ya juu unatakiwa uwe mbele ya ukingo wa ya chini. Bastola hizi zilipimwa kwa risasi ya ncha mviringo yenye urefu unaokaribia milimita 25, inayojaza magazini toka mbele hadi nyuma. Ya tundu ni fupi kidogo. Inapata nafasi ya kucheza, mtikisiko unairudisha nyuma, ukingo wa juu unateleza nyuma ya ukingo wa chini, na hapo zimefungana. Hakuna slaidi itakayozifungua. Ndugu yake, ile risasi ya 9 fupi ya 1908, haina ukingo unaotokeza, kwa hiyo wenye PP ya kaliba hiyo ugonjwa huu hawaujui.

Uamuzi: risasi za ncha mviringo tu, tutasubiri zipatikane. Lakini ganda kusimama wima hakuhusiani na ukingo, na magazini B ilisumbua zaidi ya A kwa kila risasi. Kabla sijagusa kitu kingine niliona nikawasikilize wenye bastola za umri huu.

19 Agosti 2023: Kigoma, bastola za wenzetu

Nilikwenda kwa treni kwa shughuli za dagaa, bila bastola. Yangu ilibaki Tabora kwenye sanduku la chuma lililofungwa ukutani. Niliyoyasikia huko yamenisaidia kuliko maelezo yote niliyokuwa nayo, kwa hiyo nayaandika kwa urefu.

Mzee mmoja wa Gungu anamiliki FN ya 1922. Nilimwamkia, tukaongea habari za nyumbani, ndipo tukafika kwenye chuma. Marehemu baba yake aliipata kwa leseni wakati Wabelgiji wakiwa na eneo lao kwenye bandari ya Kigoma. Wabelgiji walifika Kigoma Julai 1916 na Tabora Septemba mwaka huohuo, wakabaki na haki zao bandarini muda mrefu baada ya vita, na vitu vya Herstal vilikuja na meli zao kama vilivyokuja vingine. Bastola yenyewe ni Model 1910 iliyorefushwa. Yugoslavia ndiyo iliyoagiza mtutu mrefu, FN wakafunga kipande cha ziada mbele ya slaidi, na magazini ikapanda hadi risasi 9 za 7.65. Model 1910 ndiyo iliyotumika kumuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria, kule Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, jambo ambalo Mzee analisema kwa masikitiko.

Alinionyesha vitu viwili vya kuangalia. Kwanza, haina nyundo ya nje. Pini ya kupiga imejificha ndani ya slaidi, kwa hiyo huwezi kujua kwa macho kama imekokiwa. Mzee ameishi nayo maisha yote akiibeba chemba ikiwa tupu, na amewafundisha wanawe hivyohivyo. Ina kinga tatu, ya mkono, ya mpini na ya magazini, na akasema hategemei hata moja. "Mwanangu, vyuma hivi vimenizidi umri. Chemba tupu haichakai." Pili, springi yake inazunguka mtutu na inashikiliwa na kile kipande cha mbele. Ukikizungusha bila kukikandamiza kwa kiganja, kinaruka. Kwake kiliruka kikatoka dirishani, kikatafutwa mchangani jioni nzima. Sasa anaifungulia ndani ya mfuko wa plastiki wenye kung'aa, mikono ikiwa ndani. Nimeona wazo hilo ni zuri kwa bastola yoyote yenye springi inayorukaruka.

Dada mmoja anayefanya biashara ya samaki Kibirizi ana CZ 70, hiyohiyo 7.65, risasi 8. Tatizo lake lilikuwa kutu, na lilirudi kila alipoifuta. Alikuwa akiiweka usiku ndani ya mkoba wa ngozi, nyumba iko hatua chache kutoka ziwani. Ngozi inanyonya unyevu na jasho, na dawa za kuitengenezea ngozi nazo hazikai kwa amani na chuma. Alipoihamishia kwenye kitambaa kilicholowa mafuta kidogo, ndani ya sanduku lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu, kutu ikakoma. Vipakiti vyenyewe anavikausha juani kila mara. Nikakumbuka lile umbo la mkoba lililochorwa kwa kutu ubavuni mwa PP.

Dada huyo alisema jambo jingine ambalo wanaume huwa hawalisemi. Bastola hizi ni ndogo lakini slaidi zake ni ngumu kuvuta. PP, PPK, CZ 70 na Makarov ya Wasovieti hazina kufuli linaloshikilia mtutu na slaidi pamoja wakati wa mlipuko. Kinachoizuia slaidi isirudi mapema ni uzito wake na nguvu ya springi, basi. Kwa hiyo springi lazima iwe kali. Mikono yake inauma viungo asubuhi, kuna siku anashindwa. Alifundishwa kuishika slaidi kwa kiganja kizima kwa juu na kuusukuma mpini mbele kwa mkono wa pili, mtutu ukielekea mahali salama, na sasa anaweza. Anayemnunulia mama yake bastola ndogo akidhani udogo ni wepesi, amlete kwanza aivute.

Wa tatu ni kaka wa Mwanga mwenye Makarov. Jeshi la Sovieti liliipokea mwaka 1951, na ukiifungua unaona mara moja kwamba mbunifu aliijua Walther PP: kinga ya kifyatulio inashuka chini, slaidi inanyanyuka nyuma na kutoka, springi imeuzunguka mtutu uleule usiosogea. Ila sehemu zake ni chache na nene. Ameipiga miaka mingi, hajabadilisha zaidi ya springi. Kilichomsumbua ni pakiti ya risasi. Aliuzwa "tisa fupi" na mtu wa kaunta akamhakikishia ni sawa. Tisa fupi ni 9×17. Ya Makarov ni 9×18, na kichwa chake ni kinene, kama milimita 9.27 dhidi ya 9 kamili. Ile fupi inaingia kwenye chemba ya Makarov ikilegea, inafyatuka pengine, shabaha haipo, na maganda yanatoka yamevimba. Soma maandishi kwenye mtutu, soma kwenye pakiti, soma kwenye kitako cha ganda. Neno la mtu wa kaunta halitoshi.

Wote watatu, bila kuambizana, waliniuliza swali lilelile nilipoeleza kukwama kwa PP: springi zilibadilishwa lini? Jibu langu lilikuwa kwamba hakuna anayejua.

7 Oktoba 2023: Kwa fundi silaha

Kibali cha kuisafirisha kimepatikana, bastola imefika kwa fundi Dar es Salaam. Muuza silaha mwenye leseni aliagiza springi: ya mtutu, ya nyundo, na mbili za magazini.

Fundi aliilaza springi ya zamani ya mtutu kando ya mpya. Ya zamani ilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili. Iliyolegea namna hiyo inaiachia slaidi irudi kwa kasi na kugonga fremu, ule mwili wa chini wa bastola. Alinionyesha mahali ilipoanza kugonga, panang'aa. Ingeendelea hivyo, ufa ungefuata. Hapa ndipo ninapowasihi wenye bastola hizi: springi ya mtutu ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayolinda kile kisichoweza kununuliwa, yaani fremu yenye namba yako.

Ukucha wa kuvutia ganda ulikuwa mzima ila umezibwa na uchafu mgumu chini yake, masizi na mafuta ya miaka yaliyogeuka lami. Haukuwa unafika kwenye ukingo wa ganda kikamilifu. Hilo, pamoja na springi, ndilo lililoyaacha maganda yasimame. Akausafisha, akabadilisha kijispringi chake kutoka kwenye akiba yake mwenyewe.

Kisha akaipima sefti, ile kinga ya mkono iliyo kwenye slaidi. Kwenye PP, ukiishusha sefti nyundo inaanguka, na kizuizi ndani kinatakiwa kuizuia isifikie pini. Ni mpango mzuri na ulikuwa mbele ya wakati wake, lakini unategemea kipande kidogo cha chuma ambacho kimepigwa mara zisizohesabika tangu ujana wa baba mdogo. Fundi aliupima kwa kalamu ya risasi, ile ya kuandikia: aliitia ndani ya mtutu kitako chake chenye kifutio kikiwa chini, bastola ikiwa tupu, akaishusha sefti. Kalamu haikutikisika. Akaivuta nyundo na kufyatua kawaida, kalamu ikaruka. Yetu imefaulu. Alisimulia PP nyingine iliyofeli kipimo hicho, ambayo mwenyewe alikuwa akishusha nyundo kila usiku juu ya chemba yenye risasi, sebuleni, watoto wakiwepo. Kama hujampa fundi akapime, sefti ya kushusha nyundo isiguswe chemba ikiwa na kitu.

Magazini: A ilipewa springi mpya, ikawa sawa. B ilikuwa na midomo iliyofunguka, yaani zile kingo za juu zinazoshika risasi. Fundi aliibana kwa koleo maalumu, akipima kwa magazini A, na kuniambia nisiiamini mpaka uwanja uiseme.

Gharama: springi Sh 140,000. Fundi Sh 150,000.

25 Novemba 2023: Uwanjani mara ya pili

Risasi za ncha mviringo zilipatikana. Springi mpya unaisikia mara moja, slaidi inarudi mbele kwa sauti moja kavu, na teke la bastola ni fupi.

Magazini A: haikukwama kabisa. Zote zilitoka, maganda yalianguka mahali pamoja upande wa kulia nyuma yangu.

Magazini B: ilikwenda vizuri mwanzoni, nikaanza kufurahi. Katikati ya zoezi risasi zikaanza kupanda kwa pembe kali na kugonga juu ya mlango wa chemba. Nilipoitazama, mdomo wa kushoto ulikuwa na ufa kwenye kona, palepale koleo lilipobana. Bati la zamani likishafunguka na kukunjwa tena linachoka. B imestaafu, imekatwa vipande ili mtu asije akaitumia kwa bahati mbaya.

Bila zile tepu za A na B, matatizo haya yangeonekana kuwa ya bastola. Nadhani hivyo ndivyo PP nyingi zilivyouzwa kwa bei ya kutupa: mwenyewe anabadilisha magazini bila kujua ni ipi iliyo mikononi, inakwama leo, haikwami kesho, anachoka.

Muuza silaha ameagiza magazini mpya ya Mec-Gar, kiwanda cha Italia kinachotengeneza magazini za bastola nyingi, PP ikiwemo. Sh 190,000. Ni ghali kwa bati na springi, lakini fundi aliniambia nisihangaike na za kuokoteza zisizo na jina.

Jambo la mkono. PP inang'ata. Mdogo wangu, naye mwenye leseni na mwenye viganja vinene, aliijaribu chini ya msimamizi, na slaidi ikamchana ile nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Mpini uko chini kidogo na slaidi inapita karibu sana. Mwenye mkono mnene ashike chini kwa makusudi, au akubali kwamba bastola hii si ya mkono wake. Kukata au kuchonga chuma ili iache kung'ata ni mambo yasiyofaa kwa bastola ya mirathi.

Na kifyatulio: kwa nyundo iliyolala, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, wa pili na kuendelea ni mfupi na mwepesi. Risasi ya kwanza ilikuwa ikienda chini kushoto kila mara. Dawa imekuwa mazoezi ya nyumbani kwa risasi bandia zisizo na baruti, chemba imekaguliwa na risasi za kweli zikiwa chumba kingine, nikivuta taratibu bila mdomo wa mtutu kuyumba. Ni kazi ya kuchosha na inasaidia.

17 Februari 2024: Mvua, jasho na mkoba mpya

Kipindi hiki ndicho kilichoiharibu zamani, kwa hiyo nimekiangalia kwa makini. Magazini ya Mec-Gar imefika. Iliingia kwa kubana mwanzoni, ikazoea, na uwanjani haikukwama. Kwa ajili ya safari za Urambo sasa zinatumika A na hii mpya.

Mkoba wa ngozi wa baba mdogo tumempa mama mdogo auweke kama kumbukumbu, bila bastola ndani. Mkoba mpya ni wa nailoni, Sh 60,000, na unatumika mchana tu. Nikirudi, bastola inapakuliwa, inafutwa jasho, inapitishwa kitambaa chenye mafuta, inakwenda kwenye sanduku na vipakiti vya kunyonya unyevu kama nilivyofundishwa Kibirizi. Ubavu wa kulia, ule ulioliwa, sasa ndio ninaoukagua kwanza. Mvua zote hizi haujaongeza doa. Doa dogo limetokea chini ya kibao cha mpini, mahali ambapo kitambaa hakifiki, kwa hiyo vibao vinafunguliwa kila mwisho wa mwezi. Skrubu moja tu, lakini ishikwe kwa bisibisi inayoenea kikamilifu, maana kichwa chake kikichanika hakuna duka Tabora lenye kingine.

Ule ufa wa kibao haujasogea. Gundi iliyojaribiwa ilishika kwa muda kisha ikaachia kwa sababu ya mafuta. Nitaagiza vibao vya mbao na hivi vya asili nitavihifadhi.

Jumla hadi leo, bila nauli wala risasi, ni Sh 625,000. Risasi ndizo zilizomeza fedha kuliko chochote hapo juu, na hilo haliepukiki ukitaka kuijua bastola yako.

Kinachofuata: fundi ameomba aione tena baada ya mwaka ili apime springi ya mtutu dhidi ya mpya na kurudia kile kipimo cha kalamu. Mzee wa Gungu naye amepiga simu. Ameniomba nimuulizie kwa muuzaji springi ya FN ya 1922, kwani ya kwake haijawahi kubadilishwa tangu wakati wa baba yake. Nimeshaagiza, nitaandika hapa ikifika na bei yake.